Shajara ya mradi: vipindi vya disko na waliolitengeneza

Aprili, mwanzoni

Tumeanza. Mpango ni vipindi sita vya sauti kwa Kiswahili, kila kimoja kama nusu saa, kuhusu disko na muziki wa hausi uliozaliwa baada yake. Tutavitoa bure, anayetaka apakue. Tuko watatu: mimi naandika, mwenzangu tunasoma naye, na fundi wa sauti ambaye hataki kutajwa popote. Hatumlaumu. Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kukifuta kifungu cha 162, kinachoharamisha ngono ya mashoga, mnamo Mei 2019, na fundi ana wateja wa harusi na wa kwaya.

Kwa nini disko? Kwa sababu kila Jumapili alasiri redio za hapa Pwani hupiga zilipendwa. Mtangazaji atasema wimbo ulitamba mwaka fulani, atawasalimu watu wa Likoni na Kisauni, kisha ataweka mwingine. Mama zetu wanaziimba nyimbo hizo neno kwa neno huku wakichambua mchele. Wasiotajwa ni wenyewe: shoga mweusi aliyelelewa kanisani Los Angeles, marafiki wawili wa New York waliojifunza kuchanganya santuri kwenye bafu za mashoga, na mwanamke mnene mwenye sauti ya kutikisa mabati ambaye aliimba yeye, ila kwenye video akaonyeshwa mwingine. Nataka majina hayo yasemwe kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kunong'ona.

Kuna kanuni tumeibandika ukutani: hatumpachiki mtu ushoga asioukubali mwenyewe. Aliyekuwa mgeni tu kwenye ukumbi wa mashoga tutasema alikuwa mgeni.

Aprili, mwishoni

Kipindi cha kwanza ni cha Sylvester, na hapo hatukubishana. Alizaliwa 1947, akakulia Watts, Los Angeles, akaimba kanisani kwa Wapentekoste tangu mtoto. Ushoga wake ulipoanza kusemwa na waumini, aliondoka. Mwaka 1970 akahamia San Francisco na kupanda jukwaani na The Cockettes, kundi la watu wa ndevu na magauni na mapambo ya kumeremeta. Kufika 1977 amesaini na Fantasy Records, mtayarishaji wake Harvey Fuqua, na nyuma yake wamesimama wanawake wawili wa miili mikubwa na sauti kubwa zaidi, Martha Wash na Izora Rhodes. Walijiita Two Tons o' Fun, na jina hilo walilibeba kifua mbele.

Sehemu iliyonichukua muda ni wimbo wenyewe, "You Make Me Feel (Mighty Real)" wa 1978. Sylvester aliutunga na mpiga gitaa James Wirrick, na mwanzoni ulikuwa wa mwendo wa wastani, wenye piano ya kikanisa. Kisha akatokea Patrick Cowley, kijana aliyekuwa fundi wa taa katika ukumbi wa City Disco na ambaye nyumbani kwake alichezea sinthesaiza. Aliwasikia wakiufanyia mazoezi, akaomba autie mashine.

Nimeusikiliza kwa vipokea sauti nikiandika kila kinachoingia. Inaanza ngoma. Halafu besi ya mashine inayoruka chini-juu, chini-juu, noti ile ile kwa oktava mbili, haichoki. Kinanda kinapita juu yake. Ndipo Sylvester anaingia kwa sauti nyembamba ya juu, ile ambayo kwaya zetu humwachia soprano, na haishuki tena. Maneno ni machache mno. Kufika katikati ameshaacha kusimulia, anarudia tu neno moja kama mtu anayetoa ushuhuda mbele ya madhabahu, mara analivuta, mara analikata. Aliyekulia kwenye mikesha ya maombi atalitambua jambo hilo mara moja. Alitoka kanisani, lakini uimbaji alitoka nao.

Marekani wimbo ulifika nambari 36, Uingereza nambari 8. Machi 1979 aliimba katika jumba la opera la San Francisco na kupewa ufunguo wa jiji. Mwaka 2019 Maktaba ya Bunge la Marekani iliutangaza kuwa miongoni mwa rekodi zinazohifadhiwa kitaifa. Hiyo mistari mitatu inatosha. Vyeo vikizidi, kipindi kinageuka risala ya mgeni rasmi.

Mei

Chumba. Tuna blanketi ukutani, godoro mlangoni, na feni ambayo lazima izimwe wakati wa kurekodi. Mombasa, mwezi wa Mei, bila feni. Tunarekodi baada ya Isha, tuktuk zikipungua, dakika ishirini ndani, dakika kumi nje tukipunga upepo. Sauti zinatoka nzuri.

Kuhusu nyimbo: hatutazipiga. Haki zake zina gharama tusiyoiweza, na kuiba vipande kimya kimya katika vipindi vinavyozungumzia watu walioibiwa jasho lao kungekuwa kichekesho. Msikilizaji atazitafuta mwenyewe. Wengi wanazo vichwani tayari. Sisi tutaeleza, na pale maneno yanapokwama tutapiga vyombo wenyewe.

Mei, mwishoni

Siku ya ngoma. Hii ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote mpaka sasa.

Kipindi cha pili kinaeleza disko linavyofanya kazi, na nilitaka lielezwe kwa ngoma za hapa. Tukamwita mzee mmoja anayepigia chakacha kwenye maharusi. Tukampa shikamoo, akapewa chai, akasikilizishwa. Mwalimu wetu katika hili ni Earl Young, mpiga ngoma wa Philadelphia. Mwaka 1973, katika "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes, aliweka ngoma ya mguu kwenye kila pigo, nne zilizo sawa, kisha juu yake akawa anafungua matoazi katikati ya pigo na pigo. Ngoma inakusukuma chini, matoazi yanakuinua, na mwili haupati pa kutulia. Takriban disko lote lililofuata limekaa juu ya hesabu hiyo, kwa mwendo wa mapigo 120 hadi 130 kwa dakika.

Basi mzee akashika vumi. Du, du, du, du. Baada ya nusu dakika akasimama.

"Mwanangu, hii ni ngoma au kuna mtu atwanga?"

Tukacheka, akaendelea, ila mkono wake ulikuwa haukubali. Chakacha haitembei hivyo. Ina mzunguko, pigo zito linachelewa kidogo na nyonga zinalijaza pengo. Kila alipojisahau alirudi huko. Mwenzangu akachukua tari na kuanza kugonga kwenye nafasi tupu, tsi baada ya kila du. Mzee akamtazama, kichwa kikaanza kumtikisika, akakaza. Wakaenda dakika nne bila kuacha. Fundi akaziacha zote nne kwenye kipindi, na ni uamuzi sahihi, kwa sababu mtu anasikia kabisa saa ambayo kutwanga kunageuka dansi.

Alipokuwa akiondoka mzee alituuliza ni muziki wa kina nani. Mwenzangu akamwambia: weusi wa Marekani, na wengi wao mashoga. Akasema kwenye ngoma za maharusi hao amewaona maisha yake yote, wanacheza na wanatunza vizuri, akauliza nauli yake.

Juni

Kipindi cha pili kimekuwa kirefu. Baada ya ngoma inakuja kumbi. Nimeanza na David Mancuso, aliyeita marafiki nyumbani kwake nambari 647 Broadway, New York, Siku ya Wapendanao 1970, na mialiko hiyo haikukoma. Watu waliuita mkusanyiko huo The Loft. Pombe haikuuzwa na mlango haukuwa wa kila mtu, kwa hiyo mashoga, weusi, Walatino na wanawake waliweza kucheza bila polisi kutafuta sababu. Miezi michache kabla, Juni 1969, mtaa wa pili tu, polisi walikuwa wamevamia baa ya mashoga ya Stonewall na kukuta safari hii watu hawakimbii.

Afrika inaingia hapa hapa. Mancuso alinunua kwenye duka la Wakaribi huko Brooklyn santuri ya Manu Dibango wa Kamerun, upande wa pili wa wimbo uliotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 1972. Upande huo wa pili ni "Soul Makossa". Wachezaji wakapagawa, maduka yakaishiwa, redio zikafuata, na 1973 wimbo wa Kiduala ukaingia chati za Marekani. Yaani ukumbi wa mashoga ndio uliomfungulia mlango Dibango, redio zikaja nyuma. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili kwenye kipindi makusudi.

Kuna pia habari ya santuri ya inchi 12, ambayo nilitaka kuipitia haraka, fundi akakataa. Tom Moulton, mchanganyaji wa nyimbo za disko, alikuwa anataka kukatiwa wimbo kwenye santuri, sahani ndogo za inchi 7 zikawa zimekwisha, ukakatwa kwenye sahani kubwa. Mfereji ukapata nafasi ya kutanuka. Fundi alinishikisha santuri mbili chini ya taa: kwenye ile ndogo mifereji imebanana, besi ikizidi sindano itaruka, kwenye ile kubwa imepanuka, na besi inachimba itakavyo. Ukiinamisha sahani kubwa mwangani unaona hata mahali ngoma zinapobaki peke yake, rangi inabadilika. DJ alisoma wimbo kwa macho kabla ya kuuweka. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ilitoa "Ten Percent" ya Double Exposure, iliyochanganywa na Walter Gibbons, na sahani hiyo ikaanza kuuzwa kwa kila mtu.

Juni, bado

Boney M. Kila tunayemwambia habari za mradi anauliza, Boney M wamo? Shangazi yangu amesema bila Boney M hasikilizi. Hawamo kwa hoja yetu: kundi liliundwa na Frank Farian, Ujerumani, na hakuna la ushoga la kusemwa bila kubuni. Ni kweli wanatuhusu kwa njia nyingine, maana 1983 walitoa toleo lao la "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, vijana wa Pwani hii hii. Lakini kutuhusu si sababu ya kuvunja kanuni.

Village People wameingia, kwa masharti. Jacques Morali, aliyeliunda kundi, alikuwa shoga, na mavazi yale ya polisi, fundi wa ujenzi na mwendesha pikipiki yalikuwa ndiyo mitindo ya mashoga wa Greenwich Village, New York. Victor Willis, mwimbaji na mtunzi mwenza wa "Y.M.C.A.", si shoga na amesema wimbo haukuwa wa mashoga. Tumeyasema yote mawili. Hapa kwetu wimbo huo umepigwa kwenye sherehe za shule za wasichana zinazoendeshwa na masista, wote mikono juu, na sina la kuongeza.

Julai

Chicago, kipindi cha tatu. Nimekiandika upya tangu mstari wa kwanza kwa sababu kilikuwa na hasira tu, na hasira pekee haisikilizwi kwa nusu saa.

Tarehe 12 Julai 1979, uwanja wa Comiskey Park, besiboli, White Sox na Detroit Tigers. Mtangazaji wa redio Steve Dahl anawaita watu: njoo na santuri ya disko, kiingilio senti 98. Santuri zinarundikwa uwanjani kati ya mechi mbili, zinalipuliwa. Maelfu wanavamia nyasi, mechi ya pili haichezwi, White Sox wanahesabiwa wameshindwa. Mlangoni alikuwepo kijana mweusi, Vince Lawrence, mwelekezi wa viti, aliyekuwa akidunduliza hela anunue sinthesaiza. Amesimulia baadaye kwamba santuri nyingi walizoleta watu wala hazikuwa disko. Zilikuwa za wasanii weusi, basi.

Usiku ule ule, katika jiji lile lile, nambari 206 South Jefferson, kulikuwa na ghala la ghorofa lililoitwa The Warehouse. Robert Williams, mwenye ukumbi, alimtaka Larry Levan aje kuwa DJ wake. Levan hakutaka kuondoka New York. Alikuwa akielekea kuwa mfalme wa klabu ya huko, Paradise Garage. Akaja rafikiye wa ujanani, Frankie Knuckles, mtoto wa Bronx. Wote wawili walikuwa wamepiga santuri Continental Baths, bafu za mashoga chini ya hoteli ya Ansonia. Knuckles alifika Chicago 1977 na kukuta umati wa weusi na Walatino, wengi mashoga, wenye kiu.

Baada ya 1979 kampuni za Marekani zikalikimbia disko kama deni. Santuri mpya zikaadimika. Knuckles akaanza kutengeneza kwa mkono: anarekodi wimbo wa zamani wa Philadelphia kwenye utepe, anaukata kwa wembe, anaunganisha kipande cha ngoma mara nane, kumi na sita, anaurefusha mpaka watu wanasahau ulianzia wapi. Baadaye akaongeza mashine ya ngoma chini yake. Kuna usiku alizima taa zote na kupiga sauti ya treni ikipita kwa kasi ndani ya giza. Hapo ndipo hausi ilipoanzia. Na Vince Lawrence? Alipata sinthesaiza yake. Mwaka 1984 yeye na Jesse Saunders walitoa "On and On", ambayo wengi huihesabu kuwa santuri ya kwanza ya hausi.

Hapa sikuhitaji kuchora picha ya ushindi, tarehe zinajichora. Nimeongeza tu kwamba mtaa ule una jina la Knuckles tangu 2004, na jengo lililindwa kama urithi wa jiji 2023.

Julai, mwishoni

Freddie Mercury ametugawa. Mwenzangu amezaliwa Unguja, na kwake hili ni la nyumbani: Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, alizaliwa Zanzibar 1946, baba yake karani wa fedha wa Mahakama Kuu enzi za Mwingereza, familia ikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Mimi nilisema Queen, bendi yake, ni roki, tutapotea njia. Akaniletea "Another One Bites the Dust" ya 1980: John Deacon, mpiga besi wa Queen, aliitunga akiwa amekaa na kundi la disko la Chic, na besi yake ni disko tupu. Akaniletea santuri ya Freddie peke yake ya 1985, iliyorekodiwa Munich alikokuwa akishinda kwenye klabu za mashoga. Nikanyamaza.

Kanuni ya ukutani ikaleta ubishi zaidi. Freddie hakupenda kujieleza kwa waandishi wa habari. Lakini aliishi na mpenzi wake Jim Hutton mpaka Freddie alipokufa, na Hutton mwenyewe alilisema hadharani. Tumekubaliana hiyo inatosha.

Sehemu ya Unguja ameiandika yeye, sijagusa hata nukta. Mwaka 2006 palipangwa sherehe ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, kikundi cha dini kikapinga, ikafutwa. Mwaka 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Mji Mkongwe, na leo watalii wanapiga picha mlangoni. Anauliza, kwa upole wa kuudhi, ni Freddie yupi hasa anayeuzwa pale, na kwa nini yule wa bure alikuwa haramu.

Agosti

Kipindi cha tano: Martha Wash. Hapa shangazi atafurahi.

Baada ya Sylvester, Martha na Izora walijiita The Weather Girls na 1982 wakaimba "It's Raining Men", wimbo uliokataliwa kwanza na akina Donna Summer na Diana Ross. Utunzi ni wa Paul Jabara na Paul Shaffer. Mwishoni mwa muongo huo Martha alikuwa akilipwa kurekodi studio kwa siku, nyimbo zikatoka, na alipotazama televisheni akaona wasichana wembamba wakifungua midomo kwa sauti yake: Katrin Quinol kwa Black Box, Zelma Davis kwa C+C Music Factory. Ile "everybody dance now" ya 1990, ambayo hakuna disko la Krismasi au la Idi hapa ambalo halikuipiga, ni koo la Martha. Alikwenda mahakamani, akalipwa, na kuanzia hapo kampuni zikabanwa kuandika aliyeimba kweli.

Na huku upande wa pili Bobby Farrell wa Boney M, uso na miguu, huku sauti nzito ya kiume tuliyoipenda ni ya Farian ndani ya studio. Kwa hiyo Boney M wameingia kupitia mlango wao halali, dakika tatu. Shangazi kaarifiwa.

Agosti, wiki hii

Cha sita ni Ukimwi. Kimeandikwa, hakijarekodiwa.

Patrick Cowley alikufa Novemba 1982, miaka 32, ugonjwa ukiwa ndiyo kwanza umepewa jina. Mwaka huo huo yeye na Sylvester walikuwa wametoa "Do Ya Wanna Funk". Juni 1988 Sylvester alipita katika maandamano ya mashoga San Francisco akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na wenzake wenye Ukimwi, mbele ya jiji lililokuwa limempa ufunguo. Alifariki 16 Desemba 1988, miaka 41. Alikuwa amerudi kanisani, Love Center ya Oakland, na huko ndiko alikoagwa, kwaya ikiimba. Mirabaha yake aliiachia mashirika ya kusaidia wagonjwa, mojawapo likipika na kupeleka chakula majumbani.

Morali alikufa kwa Ukimwi 1991. Levan alikufa 1992, miaka 38, lakini kwa moyo, na fundi amenisimamia nisimtie kwenye orodha ile kwa sababu tu anafanana nayo.

Kwa upande wetu nimemweka mwanamuziki Philly Lutaaya wa Uganda, asiye shoga, aliyetangaza hali yake hadharani 1989 na kufa Desemba hiyo, karibu mwaka kamili baada ya Sylvester. Wasikilizaji wetu wengi waliokuwa watu wazima wakati ule wanamkumbuka akipita mashuleni kuzungumza. Kwa kuanza na Lutaaya hawatahitaji kuelezwa hofu ilikuwaje. Watamfikia Sylvester wakiwa tayari wanajua.

Kilichobaki ni mwisho wa kipindi. Mwenzangu anataka tusome majina yote, wacheza gitaa na waitikiaji wakiwemo, na Izora Rhodes aliyefariki 2004 asiachwe. Mimi nataka mzee arudi na vumi. Fundi anasema zimebaki dakika tatu, tuchague, na Alhamisi umeme utakatwa kuanzia saa nne usiku.